Skrini ya Bosi Bakari

Chang'ombe, 4 Machi 2025

Shikamoo Baba Mdogo. Mie mzima, vumbi la viwanda tu linanikereketa koo. Mguu wa Mama Mdogo unaendeleaje?

Nimetumia karatasi kwa kuwa hutakagi kusahihisha Kiingereza kwenye simu. Picha za harusi ya mteja wetu Monica tumezichapa zikatoka giza, familia imezikataa. Bosi Bakari kaongeza mwanga wa skrini tunayotengenezea picha studio mpaka mwisho, ili wateja wajione wanang'aa. Kwenye skrini picha nzuri, kwenye karatasi giza. Nilimwambia apunguze, mara tatu. Leo anasema nimeharibu mie: nisaini barua ya kuomba radhi, kwa Kiingereza, ikae kwenye faili, la sivyo niondoke.

Nimeiandika, hiyo hapo. Baada ya "did" ni "went" au "go"? Na "informations" ipo?

Mwanao,
Sekela

Mwananyamala, 7 Machi 2025

Marahaba mwanangu. Mguu wa mama yako umepungua uvimbe, anakusalimia.

Ni "go". "Informations" haipo, futa hiyo "s". Mengine nimeyatia wino mwekundu, jumla makosa kumi na moja. Wanafunzi wangu wa darasa la saba wana nafuu. Nakili, saini, peleka. Bakari nilimfundisha mie, na kazi hiyo nilikuombea mie. Usinitie aibu.

Baba yako mdogo,
Fredrick

Chang'ombe, 10 Machi 2025

Shikamoo Baba Mdogo. Nafurahi Mama anapata nafuu. Mie sijambo, ila nina hasira.

Umesahihisha kumi na moja. Pale niliposema mie ndiye niliyeharibu picha hukupagusa, maana Kiingereza chake kimenyooka. Hukuniuliza hata kama ni kweli. Niliandika kwa woga, na woga wenyewe umeniisha. Sisaini.

Ijumaa Bosi alipokwenda msikitini nilipunguza mwanga wa skrini, nikaitengeneza upya picha moja, nikaichapa. Nimekuwekea humu. Mtazame Monica, hadi hereni zinaonekana. Kama hii ni aibu, basi nakutia aibu.

Sekela

Mwananyamala, 24 Machi 2025

Mwanangu, hujambo? Wiki mbili kimya, na mama yako hasemi nami vizuri kwa ajili yako.

Jana baada ya futari Bakari kaja hapa. Kasema umeondoka bila kusaini, na barua ya radhi kaichapa mwenyewe, safi, anataka nisaini mie kama mlezi wako. Nikamwekea picha ya Monica mezani. Akaitazama weee, akauliza kaichapa nani. Nikamjibu, huyo huyo uliyemfukuza. Akasema Mwalimu, yaishe, wewe saini tu, sie tunaelewana.

Thubutu. Nimeichana mbele yake, akaondoka hata chai hajamaliza. Miaka thelathini nafundisha, na sijawahi kumbebesha mtoto kosa la mwingine. Wewe nilikubebesha, tena ulikuwa mtoto wa nyumbani kwangu. Nisamehe, Sekela.

Jumapili njoo ule kwetu. Usipokuja nitakufuata huko huko.

Baba yako mdogo