Makopo Mawili ya Mama Dorkasi Mazengo

Mama, mwaka umetimia tangu ututoke, na jirani yako Mwajabu bado anasimulia vilevile. Anasema asubuhi ile ulisimama dukani kwa Nurdini, umeshika pipi ya kijiti, mkibishana.

"Mama Loisi, pipi ni sukari tu," Nurdini alikwambia. "Ngano itoke wapi? Kwani hili ni andazi?"

"Hata barafu yangu nilijua ni maziwa tu. Acha Loisi aje asome."

Mwajabu anasema ulikaa juu ya kreti la soda kunisubiri, ukaegemea ukuta, akadhani umesinzia. Akifika hapo hufuta macho kwa mtandio. Mimi nilikuwa nafua. Nilifika na povu mikononi.

Tunakukumbuka ulivyochemsha maziwa ya barafu za mifuko kabla jua halijawa kali. Ipagala nzima ilizijua barafu zako, nzito, zisizo na chenga. Mtoto hapewi mpaka aseme shikamoo. Asiye na hela ulimpa iliyopasuka mfuko, na mara nyingine uliupasua mwenyewe.

Halafu Hana akaumwa. Daktari alisema tumbo la mwanangu halipokei gluteni, ile iliyomo kwenye ngano na shayiri. Tukaacha chapati, tukaacha maandazi. Ukasema turudi kwenye ugali wa uwele kama kwetu Gulwe, tukarudi. Mtoto akazidi kuharisha na kukonda. Kila akilia ulimpa barafu atulie. Miezi mitatu, mama. Mpaka siku moja nimekaa nakuangalia ukikoroga, nikaona mkono wako unachota unga wa ngano, vijiko viwili, maziwa yawe mazito, kama wafanyavyo wapika barafu wote hapa mtaani. Nikautazama ule mkono, nawe ukautazama. Ukaipua sufuria, ukaenda kuimwaga nyuma ya nyumba, ukakaa chini.

"Kumbe ni mimi," ukasema.

Tangu hapo ulipikia wanga wa muhogo, na hukuamini tena kitu kitamu kwa kukitazama. Muuza aiskrimu wa baiskeli akikuona alikata kona: "Bibi wa ngano huyo!" Soda, juisi, kinywaji cha kimea, hata ile koni ya aiskrimu, ulinipa. "Soma, mwanangu. Soma tena." Mimi ni wa darasa la saba, na maandishi yenyewe madogo, ya Kiingereza. Tulimpelekea mwalimu Lameck atusomee, naye hakuwahi kutukunjia uso. Karatasi uliziweka kwenye makopo mawili: jekundu za kukataa, la bluu za kumpa Hana. Mashavu yake yakarudi. Nashukuru uliyaona.

Sasa nasoma peke yangu, na nimechoka, sikufichi. Kila sherehe, kila Jumapili, mtu anampa mtoto pipi kwa upendo, nami nakaa katikati kama askari. Wenye viwanda nao wanabadilisha vilivyomo. Ya kopo la bluu mwaka jana, mwaka huu nimeihamishia jekundu. Wapo wanaosema naringa. Ungekuwepo ungeniambia, "Waache waseme. Wewe uliza."

Ile pipi tuliitoa mkononi mwako. Karatasi yake haikuandikwa vilivyomo, ina picha ya embe na namba ya simu tu. Haijaingia kopo lolote. Iko juu ya friza lako la barafu, Hana hataki itupwe.

Tunaokukumbuka ni mumeo Bartolomayo Mazengo, mwanao Gideoni na mkewe Gladness walioko Kibakwe, mimi mwanao Loisi, na mjukuu wako Hana. Majirani zako Mwajabu na Nurdini wameomba nao watajwe. Sala itakuwa Gulwe, kaburini, Jumamosi saa tatu. Hatukusahau, mama, na tunakukumbuka kila tufunguapo lile friza.

Hana sasa anajua kuandika. Alichukua simu yangu, akatuma ujumbe mwenyewe kwenye ile namba: "Shikamoo. Naomba kujua kama pipi yenu ya embe ina ngano. Bibi yangu aliuliza."

Ulisomwa siku ileile. Leo ni siku ya tisa, jibu bado tunalisubiri.