Kola ya Teresia

Jumamosi, 29 Juni 1974

Kitambaa kimefika! Jora zima kutoka duka la ushirika, kijani kama mahindi machanga. Kwaya yote tutakivaa Saba Saba, huko Mikumi, na Mama ndiye mshonaji. Cherehani hatuna. Anashona kwa mkono, na huwezi kujua.

Kila mmoja anampima kwa kamba yake ya katani—fundo begani, fundo kiunoni, fundo gotini. Halafu anauliza swali! Raheli aliulizwa anafanyaje akifurahi. Akaruka. Amepata marinda mengi. Mwamvua amekatiwa mikono mirefu na ushungi. Mimi nikaulizwa, wewe ukoje? Mwanawe mwenyewe! Nikasema nitafikiri. Kamba yangu bado iko msumarini.

Jumatatu, 1 Julai

Rafiki yangu Teresia amejaribu gauni lake. Kola imesimama hadi chini ya kidevu, ina vifungo vitatu vilivyovikwa kitambaa hicho hicho. Kovu la uji wa moto halionekani kabisa! Miaka yote hufunga leso shingoni na kuinama. Leo ameanzisha wimbo kichwa juu—sauti imekuwa nyingine.

Raheli akamtania, "Shikamoo, Mama Katibu Kata!"

"Marahaba, mwanangu. Umefagia ofisi?"

Mama alicheka mpaka akajichoma sindano. Jora moja, lakini ukituona kwa nyuma utamjua kila mtu. Mama anawezaje?

Alhamisi, 4 Julai

Mwalimu Selestina alikuja kukagua. Ni mwalimu mzuri, mgeni hapa Masanze tangu Mei. Amesema sare ni sare, katika Ujamaa hakuna wa kujitokeza peke yake. Mwamvua ana sababu ya dini. Marinda yapite. Kola ile ifumuliwe, la sivyo mwenye nayo abaki.

Akamuuliza Teresia kwa upole, una sababu? Teresia akatikisa kichwa. Nilifungua mdomo—akanibana mkono. Njiani akasema nikimwambia Mwalimu, urafiki basi. Na kufumua hafumui.

Jumamosi, 6 Julai

Nimemwambia Mama nimepata jibu. Nataka kola kama ya Teresia.

"Hiyo ni ya Teresia. Yako iko wapi?"

Nikasema ndiyo hiyo. Akanitazama sana. Akasema nitabaki, na tembo wa Mikumi sijawaona. Najua! Natamani kweli kuwaona. Akaitoa kamba yangu msumarini.

Tumeshona mchana kutwa. Vifungo nimevivika mwenyewe. Kimoja kimekaa upande. Mama alitaka kukifumua, kisha akakiacha.

Jumapili, 7 Julai

Asubuhi. Lori liko uwanjani, nami nimekaa juu ya ngoma, naandika. Teresia ameniona. Akagusa kifungo changu cha upande, akacheka, akasimama karibu yangu.

Raheli anapiga kelele, "Jamani, kata moja, makatibu wawili!"

Kola inawasha. Sikujua nina shingo ndefu hivi!

Mwalimu anapandisha watu mmoja mmoja. Mwamvua amepanda. Raheli amepanda. Sasa Mwalimu ametuona. Anamtazama Teresia, ananitazama mimi, anarudi kwa Teresia. Ameweka mkono shingoni kwake mwenyewe.

Dereva amewasha lori.

Teresia ameanzisha wimbo—hakuna aliyemwambia—kichwa juu! Walio ndani ya lori wanaitikia. Mwalimu bado amesimama mlangoni. Ubeti wa pili ni wangu na Teresia, lazima nisimame—