Sweta la Somoe

Kipatimu, Jumamosi usiku

Na machozi yale ya Zuhura yalinichefua tangu asubuhi.

Leo ilikuwa arobaini ya rafiki yangu Somoe. Zuhura, kiranja wetu wa bweni, alikuja na wenzetu wa shule, akalia kumshinda hata mama mzazi. "Jamani, mdogo wangu!" Mdogo wake! Somoe alipomwambia anaumwa, huyuhuyu alimjibu nini? Wiki haikuisha, tukamzika.

Ukoo wetu ni watani wa ukoo wa kina Somoe, na mtani msibani hakasirikiwi. Basi nilivaa sweta la shule la marehemu, nikajitwika ndoo, nikaenda kumpigia magoti Zuhura mbele ya watu wote.

"Dada Zuhura, kichwa kinaniuma, nasikia baridi," nikasema kwa sauti ya Somoe.

Kisha nikasimama, nikashika kiuno, nikawa Zuhura: "Homa gani hiyo kila zamu ya maji? Acha uvivu, kachote!"

Watu walicheka. Mama Somoe naye alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Halafu akanitazama.

"Mwanangu, maneno haya umeyatunga?"

Naiogopa Jumatatu bwenini, sitaficha. Na Somoe mwenyewe angeninunia, maana alikuwa na huruma za kijinga. Lakini mimi...

"Mimi ni mtani tu, mama," nilimjibu. "Muulize Zuhura."

Zuhura aliacha kulia palepale.