Jina Nililolisoma Dirishani

Muyinga, Jumapili

Baba yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Naanza na magoti yako, maana najua utatazama kwanza kama nimeyauliza. Bado yanakuuma ukikanyaga cherehani? Na mama, kifua kimetulia na baridi hii ya mvua? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila utaona mwandiko umepinda kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimefungwa na kijiti. Usimwonyeshe mama barua hii, msomee tu, na ukifika penye damu paruke.

Sikupiga simu kwa sababu ningelia kabla sijasema la maana. Barua anakuletea mzee Saidi, anakuja huko Gitega kwenye harusi ya mpwa wake. Mpe chai, usimuulize kitu. Atakueleza vibaya.

Baba, Jumatano watu walimpiga mzee Tharcisse mbele ya dirisha langu mpaka taya likavunjika, na jicho la kushoto madaktari wameshindwa kuliokoa. Walimpiga kwa neno lililotoka mdomoni mwangu. Tharcisse ni yule niliyekusimulia, mkulima aliyekulia Tanzania akarudi, anayeniletea maharage kila akija sokoni na kunicheka kwamba Kiswahili chetu cha mtaani kwetu Magarama kimeoza.

Kazi yangu unaijua, lakini nitaieleza tena ili uone ilipoharibikia. Katika soko la ng'ombe hapa, mnyama haondoki na mnunuzi mpaka mimi niisome namba ya hereni ya sikio lake, niitafute kwenye kompyuta, kisha nitaje kwa sauti jina la mwenyewe. Chama cha wafugaji kiliamua hivyo kwa sababu ya wizi. Miaka saba nimetaja majina dirishani, na miaka saba hakuna aliyenipinga. Programu yenyewe, Zizi, ni ile ya Rama, jirani yetu, Mungu amrehemu. Wewe ndiwe uliyemleta. Ulimwambia Président wetu wa chama kwamba kijana huyu umemshonea kanzu tangu utotoni na hajawahi kukudanganya urefu wa mkono.

Kampuni nzima ilikuwa Rama, mkewe Zaina na pikipiki. Alisema hivyo mwenyewe, akicheka. Alikaa hapa siku mbili katikati ya mavi ya ng'ombe, anauliza kila kitu. Mwanzoni Zizi ilikuwa na kisanduku kimoja tu cha jina. Nikampigia simu, nikamwambia: Rama, huku mtu akimpa rafiki yake ng'ombe kwa heshima, ng'ombe anakuwa na watu wawili, aliyetoa na aliyepewa, mpaka aliyepewa arudishe ndama wa shukrani. Kabla ya alasiri alikuwa ameshatutumia Zizi mpya yenye kisanduku cha pili. Niambie kampuni gani kubwa ingenisikiliza mimi, mtoto wa fundi cherehani, mchana mmoja tu. Nilijivuna, Baba. Kila mwaka tulimwomba kitu, kila mwaka alikifanya.

Alituachia onyo pia. Alisema, kila nikiwatumia Zizi mpya, iwekeni kwenye flashi mbili, kwa sababu mimi ni mtu mmoja na barabara ya Gitega ina malori. Flashi tuliyokuwa nayo ni ile ya kwanza kabisa, uliyonishonea kifuko cha kijani. Zilizofuata hatukuziweka. Kwa nini tujisumbue? Rama yupo.

Kisha lori la mchanga likampitia, yeye na pikipiki na kompyuta yake mgongoni. Wewe ulikata sanda. Ulinisimulia kwamba mlimkusanya kwenye mkeka.

Sisi huku tuliendelea kutumia Zizi. Ilikuwa inafanya kazi, nani aiguse? Nilifikiri kumpigia Zaina, nimuulize kama kuna kilichobaki. Lakini alikuwa kwenye eda. Utampigiaje mjane aliye edani kumuuliza habari za ng'ombe? Nikasema nitangoja amalize. Alipomaliza, nikaona haya kwamba sikuwa nimempigia hata kumpa pole, nilikuwa nimetuma ujumbe tu. Haya ikazaa haya. Ikapita mwaka na nusu.

Wiki tatu zilizopita wezi waliingia bonde la chini wakachukua ng'ombe wanne. Wa tano alikataa kutembea, wakamkata miguu ya nyuma wakamwacha hai. Tulimsikia akilia tangu alfajiri mpaka mwenyewe alipokuja na panga kummaliza. Tangu hapo wanaume wa hapa wanatembea na fimbo nene kuliko za kuchungia. Mtu akikohoa karibu na zizi la mwenzake anaulizwa anatafuta nini.

Katika hali hiyo radi ikapiga ofisi yetu, kompyuta ikatoa moshi ikafa. Orodha ya ng'ombe nilikuwa nayo, hiyo huwa naihifadhi kila wiki. Zizi yenyewe sikuwa nayo ila kwenye kifuko chako cha kijani. Fundi wa kompyuta akaiweka kwenye mashine nyingine, orodha ikafunguka, tukapiga makofi. Baadaye ndipo nilipoona kisanduku cha pili hakipo. Ilikuwa Zizi ya kwanza, ya kabla sijampigia Rama. Kila ng'ombe wa kupewa alikuwa na jina moja tu, la aliyemtoa, maana hilo hatulifuti hata ndama akisharudishwa.

Nilimwambia Président, asubuhi ileile ya soko.

"Bon, ni ng'ombe ngapi iko na majina mbili?" akaniuliza.

"Si nyingi."

"Alors, soko imejaa. We fungua dirisha. Ile ingine tutatengeneza kesho."

Nikafungua.

Mzee Tharcisse alifika kabla ya saa sita na ng'ombe wake mwekundu mwenye baka jeupe shingoni. Alikuja kumuuza kwa sababu mkewe anatakiwa kupasuliwa tumbo na daktari amesema asicheleweshe. Ng'ombe huyo alipewa na rafiki yake Balthazar, kwa kuwa siku mlima ulipoporomoka Tharcisse ndiye aliyemfukua mtoto wa Balthazar kwa mikono. Na ndama wa shukrani alisharudisha zamani. Ng'ombe alikuwa wake kabisa, wa kuuza au kuchinja.

Mnunuzi akaja dirishani. "Dada, hii ng'ombe iko ya nani?"

Nikasoma namba, nikabonyeza, nikataja: "Balthazar."

Mnunuzi akamgeukia. "Mzee, we ndo Balthazar?"

"Hapana, mimi ni Tharcisse, ila ng'ombe huyu—"

Hakumaliza. Mtu wa nyuma alipiga kelele, "Igisuma! Mwizi iko hapa!" Baba, neno hilo huku likitoka halirudi. Watu walitoka kwenye mbuzi, wakatoka kwenye viazi, hata walioshika mitungi ya mafuta waliiweka chini. Mmoja akagonga meza yangu. "Soma tena, tusikie wote." Nikasoma tena.

Fimbo ya kwanza ilimpata mdomoni. Niliona meno yakitoka na damu, akayatazama kiganjani kana kwamba si yake. Ya pili ikampata magotini, akaanguka, lakini kamba ya ng'ombe hakuiachia. Wakamkanyaga mkono ili aiachie, na bado akashika. Ng'ombe akashtuka, akakimbia, akamburuta juu ya mawe mpaka kwenye nguzo za kufungia, huko ndiko jicho lilikopotelea, kwenye ncha ya mti. Wakamkuta pale wakaendelea. Niliwajua, Baba. Mmoja ni muuza chumvi anayenisalimia kila siku. Mwingine alikuwa amevua koti akalikunja vizuri kwanza, akaliweka juu ya jiwe, ndipo akaingia kupiga. Sauti ya fimbo kwenye mwili wa mtu mzee ni kama ya kupiga godoro juani. Sasa nikisikia jirani anapiga godoro lake natoka nyumbani.

Mimi nilifunga dirisha. Hilo ndilo nililofanya kwanza, nilifunga dirisha na kukaa chini sakafuni. Sijui nilikaa muda gani. Nilipotoka walikuwa wanatafuta tairi la kumchomea. Nilijitupa juu yake, nikapiga kelele kwamba nimekosea, hakuna aliyesikia, na fimbo iliyokuwa inamfuata yeye ikaangukia vidole vyangu. Nilisikia vikilia kabla ya kuuma.

Aliyetuokoa ni mke wa Balthazar, alikuwa upande wa mboga. Alikuja akitupa ndizi zake kwenye vichwa vya watu. "Munaua mutu bure! Hii ng'ombe ni sisi tulimupatia! Mi mwenyewe niliifunga kamba!" Alimnasa kibao yule muuza chumvi mpaka kofia ikaruka. Fimbo zikashuka. Kisha mmoja akaokota ndizi mbili akampa, kwa adabu, kama vile zimemponyoka mwenyewe. Yule wa koti akaenda kulichukua koti lake. Baada ya hapo soko likaendelea.

Jioni yake, kabla jua halijazama, nilimpigia Zaina. Ilinibidi nisimulie yote. Akasema, "Mwajuma, mbona hukunipigia? Ziko hapa zote. Kila Rama alipotuma mpya, mi nilikuwa naiweka. Ndo ilikuwa kazi yangu kwenye kampuni. Nilingoja mutu aulize, hakuna aliyeuliza." Alinitumia usiku haujaingia. Kisanduku cha pili kikarudi, na ndani yake jina la Tharcisse, limekaa pale lilipokuwa siku zote.

Ningeweza kumaliza barua hapa na ungenihurumia. Lakini nimekuficha kitu hapo juu, na wewe ulinifundisha kwamba nguo ikikatwa vibaya lazima mwenyewe aambiwe.

Nilipoambiwa nisome tena, Tharcisse alinitazama. Hakuwatazama wao, alinitazama mimi. Akasema, "Mwajuma mwanangu, wewe ulikuwepo."

Na kweli nilikuwepo. Siku aliporudisha ndama nilikaa kwenye benchi la wageni, wenzangu wanakunywa pombe ya ndizi, mimi nimepewa Fanta, na jina langu likatajwa kati ya mashahidi. Ng'ombe yule mwekundu nilimshika shingoni, kwenye baka. Nilimjua kabla sijasoma namba. Pia nilijua kisanduku kimekosekana. Lakini watu walikuwa wananitazama, na kwa miaka saba kilichoandikwa hakijawahi kunidanganya, na mdomo wangu umezoea kusoma. Ningesema neno moja tu, "Namjua." Badala yake nilisoma, "Balthazar," na safari hii kwa sauti kubwa zaidi.

Président anataka tutangaze kwamba kosa ni la mashine. "Écoute, haiko kosa yako. Tutasema programme ilikuwa ya mutu alikufa, ikaharibika. Kila mutu ataelewa." Na wameelewa tayari, hata waliopiga. Muuza chumvi aliniambia jana, "Pole dada, ile kompyuta ingetuponza." Nilitaka kumtemea mate. Nilitaka pia kumshukuru, na hilo ndilo linalonichoma.

Jana nilikwenda hospitali. Taya limefungwa kwa waya, hasemi. Mkewe amelala kitanda cha mbali, bado hajapasuliwa. Nilimwambia Tharcisse yote, kuhusu flashi, na eda, na radi. Alisikiliza kwa jicho lililobaki. Kisha akaomba kalamu kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia waliukanyaga, akaandika taratibu sana: Ng'ombe ni wa nani?

Nikasema, "Ni wako, mzee."

Akaigonga karatasi kwa kalamu. Alitaka nirudie. Wodi nzima ilikuwa inatusikiliza.

"Ni wako, mzee Tharcisse," nikasema.

Akageukia ukutani. Nilikaa mpaka waliponitoa.

Ng'ombe yuko kwa mke wa Balthazar. Jumatano nitamleta mwenyewe sokoni na nitasimama nje, si dirishani, nitaje kwamba mwenye ng'ombe ni Tharcisse, na niseme nilimjua. Président amesema nikifanya hivyo nisirudi kazini, kwa kuwa dirisha lisiloaminika halina faida. Wengine wanasema watu watanigeukia mimi na zile fimbo. Huenda. Baba, naogopa sana. Usinijibu kwamba nisiende, nitakutii halafu nitakuchukia.

Mpe salamu mama na umwambie ni vidole tu. Msalimie dada yangu wa Gishubi na wanawe, na shangazi anayeuza mkaa, mwambie kanga yake bado ninayo. Imamu wa mtaa aniombee bila kuuliza sababu. Zaina nenda kwake wewe mwenyewe, na magoti yako hayohayo, kabla maneno ya huku hayajafika Magarama. Watamwambia programu ya mumewe iliua jicho la mtu. Mwambie ilimwandika Tharcisse vizuri miaka yote, na jina lake lilikuwemo hata siku ile. Aliyesoma ni mimi.

Binti yako,
Mwajuma