Shavu la Anselmi

Dada Flora mpendwa, shikamoo. Huku Kibosho ukungu umeshuka mpaka migombani, na kiburu cha mama mkwe, ndizi na maharage, bado cha moto tumboni.

Jana nilimwonyesha mama mkwe picha ya marehemu mume wangu Anselmi kwenye ile simu aliyoiacha, ya kugusa kioo. Ndiyo picha pekee ambamo anacheka, na ipo humo tu. Mama alifuta mkono kwenye khanga, akampapasa mwanawe shavuni kama alivyozoea. Picha ikateleza pembeni, ikaja ya ng'ombe.

"Yesu wangu, nimemfukuza!" mama akalia.

"Hujamfukuza, mama," wifi akasema. "Umemdekeza mno, amekimbia."

Hatukucheka. Fundi simu alishanionya kwamba kidole kikikosea, kinafuta. Nilikaa nikikiogopa kile kioo, kisha nikatelezesha kidole kurudi upande wa pili. Anselmi akatokea, anacheka vilevile. Mama akaficha mikono yote miwili chini ya khanga, akawa anamtazama kwa mbali, kama mtoto wa mwenzake.

Kesho nateremka Majengo, kwenye studio, wamtoe picha ya karatasi ili mama ampapase bila yeye kwenda popote. Mpaka hapo simu nimeifunga kwenye leso, siigusi. Niombee, dada, kidole cha mpiga picha kisikosee. Waambie watoto mama yao mdogo anawakumbuka sana.

Mdogo wako,
Rehema