Kitambaa Kilichobaki Kiunoni

Ijumaa, 24 Oktoba

Maboksi tangu saa kumi na mbili asubuhi. Mgongo unauma upande wa kushoto. Msimamizi mpya anatupimia hata muda wa kwenda chooni. Basi lilichelewa tena. Nimekuta maharagwe jikoni, Mama Josué bado yuko kwa wazee wake anaowaogesha kazini.

Kesho Columbus. Timu ya mwanangu Josué inatoka Buffalo, sisi tunatoka Louisville, tunakutana huko. Mwaka wa tatu huu anachezea chuo chake ule mpira wa miguu wa Wamarekani unaoshikwa kwa mikono. Mwanzoni niliucheka. Sasa najua sheria zake kuliko sheria za barabarani.

Habari kubwa: Mama Éric amepiga simu kutoka Columbus. Éric wake atakuwa mmoja wa marefa kesho. Nimefurahi mpaka nikasahau mgongo. Kule kambini, tulipokuwa wakimbizi, Mama Josué alikuwa hoi kwa ugonjwa, na Mama Éric alimnyonyesha Josué miezi mitatu pamoja na binti yake. Éric alikuwa na miaka sita. Ndiye aliyembeba Josué mgongoni. Donc, kwa hiyo, ni ndugu, si wa kusema tu. Ziwa moja.

Nimempigia Éric mwenyewe. Nimemwambia, kesho mwangalie ndugu yako. Akasema ndiyo, papa, kwa sauti ya chini. Kijana ana adabu.

Jumamosi, 25 Oktoba

Naandika garini. Mama Josué anaendesha. Sijaonewa hivi tangu nifike nchi hii.

Mara ya kwanza, mtu alimkamata Josué kwa vyuma vya kofia, usoni, akamzungusha. Faulo hiyo hata mtoto mdogo anaijua. Refa akiona faulo anachomoa kitambaa cha njano kiunoni na kukitupa chini. Hakuna aliyetupa. Mara ya pili, akasukumwa mgongoni, mpira uko mbali. Hakuna. Refa wa upande ule ni nani? Éric. Nikasema bon, haya, labda jua lilimpiga machoni.

Mara ya tatu. Zimebaki sekunde sita, tuko nyuma pointi nne. Mpira umerushwa konani kwa Josué. Ungali hewani, beki amemshika mkono wa kulia na kuushusha. Mtu atadakaje hivyo? Mpira ulimpiga kifuani ukaanguka. Éric alikuwa hatua nne. Nimezihesabu. Mkono wake ulikwenda kiunoni, niliuona kwa macho yangu haya. Ukarudi mtupu. Akapunga kwamba hakuna kitu, na mchezo ukaisha.

Uwanja mzima ukapiga kelele kwamba namba kumi na saba ameangusha mpira. Kumi na saba ni mtoto wangu.

Sikumsalimu Éric. Sikwenda kula kwa mama yake. Alikuwa ameshapika ugali na sombe, yale majani ya muhogo. Aule na refa wake.

Jumapili, 26 Oktoba

Kanisani nilipeleka mwili tu. Mahubiri yalikuwa ya kusamehe. Kati ya Jumapili zote, leo.

Video nimeitazama mara kumi na moja. Mkono wa beki uko pale pale kila mara. Mama Josué amesema niache. Siachi.

Jumanne, 28 Oktoba

Josué amepiga simu. Kocha hatampanga tena. Mechi tatu zimebaki, zote atasimama pembeni. Kocha amesema anataka mikono anayoweza kuitegemea. Ya mwakani, hajui.

Kwenye mtandao wamemwandikia arudi alikotoka. Mpira ukianguka, wanakumbuka kwamba wewe ni mkimbizi. Ukiudaka, wewe ni wa kwao.

Alinijibu kwa Kiingereza kwamba yuko sawa. Mtoto huyu akiwa sawa kweli, hunichokoza kwa Kiswahili chake kibovu. Nimekata simu, nimekaa chini jikoni. Nina hasira, sijala.

Sitaki mechi irudiwe. Sitaki kikombe. Nataka kocha ajue kwamba mtoto wangu hakuangusha mpira. Hilo tu. Na wa kumsafisha ni mtu mmoja tu, yule aliyeona akanyamaza.

Jumatano, 29 Oktoba

Nimempigia Mzee Simoni, mkubwa wa wazee wa kanisa. Nimeomba kikao. Akauliza, kikao cha mpira? Nimemwambia, kikao cha ndugu aliyemwacha ndugu yake. Kwa mahari tunakaa. Kwa matusi tunakaa. Kwa hili pia tutakaa.

Mama Josué alikuwa anakata vitunguu. Akaweka kisu chini.

"Yaani unamwita mbele ya watu mtoto wa mwanamke aliyekunyonyeshea wako?"

Nilisema ndiyo. Hajaongea nami tangu hapo. Mboga ilikuwa na chumvi nyingi, na najua haikuwa bahati mbaya.

Jumapili, 2 Novemba

Kikao kimekaa. Nitaandika vile kilivyokuwa.

Éric na mama yake walifika saa nane, moja kwa moja kutoka Columbus, na katoni mbili za soda. Mtu hawezi kuja kikaoni mikono mitupu, hata akiwa mshtakiwa. Sebule yetu ilijaa, wengine walikaa kwenye ngazi. Mzee Simoni aliomba. Aliombea safari, ndoa za watu, kazi za watu, akachelewa kufika kwenye Amina. Simu yangu niliiweka mezani inarekodi. Sikuificha. Sikusema pia.

Nilisimama nikataja faulo zote tatu. Nilionyesha kwa mikono. Nilimshika Mzee Simoni mkono wa kulia nikaushusha ili waelewe. Baadhi walicheka, nikawaangalia wakaacha.

Éric akasimama, kofia mkononi.

"Niliona, papa. Zote tatu niliziona. Josué hakuangusha."

Nilisikia utamu. Naandika ukweli, ulikuwa utamu.

Mzee Simoni akamuuliza kwa nini alinyamaza. Éric akasema marefa hujaza karatasi, kama una ndugu kwenye timu useme, upangwe mechi nyingine. Karatasi ya Wamarekani inauliza baba, mama, tumbo moja. Ziwa haiulizi. Alijaza hapana, na moyo haukumsumbua. Kisha Ijumaa papa Josué akapiga simu. Mwangalie ndugu yako. Hapo ndipo akajua kwamba karatasi ile ni uongo, na muda wa kuirekebisha ulikuwa umeisha. Uwanjani kila mkono ulipokwenda kiunoni alijiuliza, natupa kwa sababu ni faulo, au kwa sababu papa ameniomba? Kabla hajapata jibu, mchezo umepita.

Akalia. Mwanaume wa miaka ishirini na saba. Mama yake aliangalia zulia muda wote.

Watu wote wakageuka kuniangalia mimi. Mimi niliyeonewa. Nikasema nilimwambia amwangalie, sikumwambia ampendelee. Mzee Simoni akaniuliza polepole, "Na kama baba wa yule beki ndiye angempigia refa simu Ijumaa, wewe ungesemaje?"

Lingekuwa swali zuri kama lingeulizwa mtu mwingine.

Éric alipiga magoti. Nilimwinua, nikasema yameisha, kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Hayajaisha.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimetuma. Rekodi nzima, kwa kocha. Namba yake iko kwenye kadi aliyotuachia siku ile alipokuja hapa nyumbani kumwomba Josué achezee chuo, akakaa kwenye kiti changu na kusema mtoto huyu ana mikono ya ajabu.

Iko kwa Kiswahili chetu yote. Si tatizo. Nchi hii kila ofisi ina mkalimani. Hospitali, korti, shule. Zamani mkalimani wetu alikuwa Josué mwenyewe, miaka tisa, anamweleza daktari maumivu ya mama yake huku anaona haya. Sasa kuna watu wa kazi hiyo. Chuo hakiwezi kukosa.

Najua Éric anaweza kupoteza filimbi. Naandika hapa ili nisije kujidanganya kwamba sikujua. Na simu yangu ya Ijumaa imo ndani, kwa sauti ya Éric, wazi kabisa. Nayo iende. Mtoto wangu kwanza.

Ijumaa, 7 Novemba

Siku nne. Kocha kimya. Hata alama ya kidole gumba hakuna.

Donc wanajua na wanaficha. Nilipaswa kutegemea. Mkubwa humlinda mkubwa, refa wao, ligi yao. Leo kazini nimefunga boksi kwa nguvu mpaka likapasuka. Msimamizi akaandika kitu kwenye karatasi yake. Aandike.

Jumatano, 12 Novemba

Bado kimya. Jumamosi iliyopita Josué hakugusa mpira hata mara moja. Mama Josué ameanza kuongea nami, lakini maneno ya kazi tu. Lete. Funga mlango.

Sijamwambia nimetuma. Sijamwambia Josué pia.

Jumamosi, 15 Novemba

Buffalo. Jana tulilala Kenmore kwa binamu wa Mama Josué, leo uwanjani, baridi ya kukata masikio. Mechi ya mwisho. Josué alisimama pembeni saa tatu nzima. Jaketi hakulivua. Kila mwenzake alipodaka mpira alipiga makofi, na mimi kila kofi lilinichoma.

Mechi ilipoisha kocha aliniona kwenye uzio. Akaja. Nilijiandaa. Nilikuwa na maneno yangu ya Kiingereza tayari, matano, makali. Akanishika mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa na maji. Akasema kitu kirefu, taratibu, sikukipata.

Josué alikuwa nyuma yake, anaangalia viatu.

"Anasema aksanti kwa sala."

"Sala gani?"

Akajibu, safari hii kwa Kiswahili safi kabisa.

"Itika tu, papa."

Nikasema Amina. Kocha naye akasema Amina, akanipiga begani, akaondoka.

Garini ndipo akatueleza. Kocha hakutafuta mkalimani. Kwa nini atafute, na anaye mchezaji wa lugha hiyo? Alimwita Josué ofisini, akaweka simu mezani, akacheza rekodi yangu. Josué alimsikia Mzee Simoni akiomba. Alinisikia mimi na faulo zangu. Alimsikia Éric akisema Josué hakuangusha. Alisikia habari ya simu ya Ijumaa, kisha Éric akilia. Hapo kocha akasimamisha, akauliza, baba yako anasema nini? Josué akamwambia, "Ni watu wa kanisa letu, walikutana kuniombea, na huyo anayelia ni kaka yangu."

Mama Josué alisimamisha gari kando ya barabara. Aliniangalia tu, muda mrefu, kisha akawasha tena.

Nilimwuliza Josué kwa nini, na ilikuwa neno moja tu jina lake lisafike. Akasema, "Papa, ile filimbi ni kazi ya Éric." Basi. Tukamrudisha chuoni.

Jumapili, 16 Novemba

Tukiwa njiani kurudi tumepita Columbus. Mimi ndiye niliyesema tupite.

Mama Éric alitupikia ugali na sombe. Éric alikuwa ametoka mechini jana, amechoka, soksi za refa bado zinakauka juu ya kiti. Ameshaandika kwenye karatasi yao kwamba ana ndugu kwenye timu ile. Hawatampanga tena na Josué. Hakuna aliyemwuliza zaidi.

Hajui kitu kuhusu rekodi. Nilimwomba anisamehe kwa simu ile ya Ijumaa. Alishtuka, akasema papa, tulishamaliza. Aliniuliza kama kocha amempanga Josué. Nikamwambia bado.

Nilikwenda kunawa mikono, nikaifuta rekodi kwenye simu yangu. Nikarudi mezani. Éric alikuwa amenitolea kiti.