Chumba Chenye Milango Miwili

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima na mapenzi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepunguza maumivu, na kuku wako weusi bado wanamtia jirani wivu. Mimi mzima wa mwili. Moyo ndio sijui niuseme vipi, maana bado unaruka kama samaki aliyetupwa mchangani. Daktari wetu wa macho atakukabidhi karatasi hizi mkononi. Tafadhali usimpe jirani akusomee. Vaa ile miwani niliyokukatia, ingia chumbani, usome mwenyewe hadi mwisho, hata kama katikati utatamani kunikasirikia.

Kama nilivyokwambia kwenye simu, tulikuja kijiji hiki cha kando ya ziwa kwa kazi ya wiki mbili. Daktari anapima macho, mimi nakata vioo na kukaza fremu, na dereva anapanga watu foleni na kuwachekesha wasichoke. Tumepewa stoo ya shule, herufi za kupimia tumezibandika juu ya ramani iliyochakaa. Siku ya kufika kila mmoja aliambiwa ajichagulie pa kulala, na hapo ndipo mambo yangu yalipoanzia.

Kwanza tulionyeshwa nyumba ya wageni iliyoko ufukweni. Ni pazuri, Mama, sitasema uongo. Vyumba sita vimejipanga kulitazama ziwa, mashuka meupe, upepo unaingia bila hodi. Daktari na dereva walitua mizigo papo hapo. Mimi niliona mlango mmoja tu, dirisha la nyuma lenye nondo, na juu ya meza ya mapokezi daftari la wageni limeachwa wazi, jina na namba ya chumba, kila apitaye asome. Nikasema pana mbu. Tukaenda kwa mwalimu mkuu, mama mkarimu sana, ila kabla sijaketi alikwisha kuniuliza nimeolewa na nani, anafanya kazi wapi, na mbona hakunisindikiza. Mdomo wake hauna pazia. Nikasema pako mbali na kazi, ingawa kutoka kwake hadi shuleni ni hatua thelathini.

Nilikochagua hakukuwa hata pa kulaza wageni. Ni kwa fundi wa mashua, mama wa makamo mwenye mabega ya mbeba magunia, ambaye kijiji kizima humwita Mama Misumari. Nyuma ya karakana yake kuna chumba alichokuwa akiwekea mbao. Bati linavuja, kuta zinanuka lami, na nyundo huanza kulia kabla jogoo hajamaliza salamu zake. Lakini chumba kina milango miwili. Mmoja unatokea karakanani, mwingine vichakani nyuma, na dirisha lake linaiona barabara yote kuanzia kituo cha magari. Dereva alicheka mpaka akashika mbavu, akasema ziwa lote hili na upepo wake, mwenzao nimekwenda kuchagua misumari. Nikacheka naye. Mama Misumari hakucheka, kwa sababu alikuwa ameniona nikilijaribu komeo mara tatu. Kesho yake niliporudi kazini nilikuta komeo jipya, nene kama kidole gumba. Hakuniuliza neno.

Mume wangu nilimwambia naenda kwenye semina mjini. Wewe peke yako, Mama, ndiye niliyekutajia kijiji hiki, nikakuomba usimwambie mtu.

Jumatano mchana nilirudi chumbani kuchukua bisibisi yangu ndogo, nikachungulia dirishani kama nilivyozoea kufanya kila niingiapo. Gari la abiria lilikuwa limesimama kituoni. Akashuka mtu, shati limepigwa pasi, mkononi ana kikapu. Kikapu nilikitambua kabla sijamtambua yeye. Kilikuwa kile chako cha mistari myekundu, ambacho mpini wake uliuzungushia kitambaa cha gauni langu la shule. Nilimwona akiingia nyumba ya wageni, akatoka. Akamsimamisha mwalimu mkuu njiani, na mwalimu, bila ubaya wowote, akanyoosha mkono kuelekea kwetu.

Nilikuwa nimejiandaa, Mama. Nilikuwa nimezipima hatua kutoka kitandani hadi mlango wa nyuma, nikajua ni saba. Lakini saa ilipofika miguu ilikataa katakata. Niliteremka sakafuni, mgongo ukutani, kiganja mdomoni, nikasikia kila kitu.

Alimsalimia Mama Misumari kwa ile sauti ya asali unayoijua. Alisema amekuja kumshtukiza mkewe, na kwamba ametumwa zawadi na mama mkwe. Mama Misumari alimjibu kwamba yeye anajua hesabu ya mbao, ya wake za watu hajafundishwa. Mume wangu akacheka. Kisha akapaza sauti, akijua namsikia: "Mama yako amesema urudi nyumbani." Akarudia. Mara ya tatu asali ilikuwa imekwisha. Akapita kati ya mbao, akaupiga mlango teke. Komeo likashika. Akapiga tena, vumbi la ukuta likanimwagikia kichwani, na Mama, nilijikojolea. Mtu mzima wa miaka thelathini na minne.

Mara nikasikia mlio mwingine, nyundo juu ya pipa tupu, ngo, ngo, ngo. Mama Misumari hupiga hivyo mashua ikiwa tayari kusukumwa majini, ili watu waje kusaidia. Wakaja, labda ishirini, wakikunja mikono ya mashati na kuulizana mashua iko wapi. Hawakukuta mashua. Walikuta mwanamume ameinua mguu.

Papo hapo akageuka kuwa yule mkwe wako. Akajipangusa suruali, akatabasamu, akasema ni utani wa mume na mke. Mama Misumari, nyundo bado mkononi, akamwambia, "Utani wa watu wawili huchekwa na wote wawili. Huyu wa ndani sijamsikia akicheka." Walimsindikiza kituoni, wengine mbele, wengine nyuma, wakangoja naye gari mpaka akapanda. Kikapu alikiacha. Ndani yake mlikuwa na sweta la kijani ulilonifumia. Nililikumbatia nikalia, sijui kwa upendo au kwa hasira.

Mama, mkono wangu mwaka juzi haukuvunjwa na ngazi. Ulikuja siku ile ukamkuta akinifunga bendeji taratibu na kunilisha kwa kijiko, ukasema mbele yetu kwamba Mungu amenipa mume. Aliyeuvunja ni yeye, saa moja kabla ya kwenda kuinunua hiyo bendeji. Jino langu la mbele halikuwa limeoza. Na zile wiki tatu mlizoambiwa nina tetekuwanga, nisitembelewe, sikuwa na tetekuwanga. Nimenyamaza miaka sita kwa sababu kila nilipotaka kufungua mdomo nilikuona ukimmiminia kikombe cha pili cha chai na kumwita mwanangu.

Sikulaumu kwa kumwelekeza. Nadhani alikuja kwako akilia, na moyo wako huwaamini wanaolia. Ila tangu leo unajua. Sirudi kwake. Barua hii ikikufikia nitakuwa nimeshaondoka hapa. Daktari amenitafutia kazi kwingine, na Mama Misumari ameapa kunivusha ziwa mwenyewe. Ni wapi, sitakutajia. Usidhani nakuadhibu. Atakuja kwako tena, atakaa kwenye kiti kile alichozoea, atauliza, na nataka ukisema hujui iwe kweli. Akija ukiwa peke yako, nakusihi usimfungulie. Asali ile ikimwishia kwangu, naogopa hasira ataimalizia kwako.

Na kuna hofu nyingine ambayo imenifanya niiandike barua hii mara nne na kuichana mara tatu. Naogopa utaikunja, uvue miwani, useme ndoa ni kuvumilia.

Daktari atakuwa anangoja nje. Kama umeniamini, mwambie neno moja tu, "nimesoma," naye atanifikishia. Kama huwezi, mpe maji ya kunywa, umuage kwa amani. Nitabaki mwanao vilevile, lakini nitajua niko peke yangu, nami nitajipanga hivyo.

Nisalimie mdogo wangu na watoto wake, na huyo jirani na wivu wake. Usiache kulikanda goti kwa maji ya moto. Samahani kwa mwandiko.

Ni mimi akupendaye,
Kifungua mimba wako.